Jina la Baba Mkwe

Mjukuu wangu anasema kumfuata mume Kanada ni kazi ngumu, maana fomu zimo kwenye kompyuta na kompyuta haina huruma. Nampa pole, halafu nageuka nicheke peke yangu. Fomu yangu mimi ilikuwa ya karatasi nne tu, na aliyeniuliza maswali alikuwa mbele yangu, ana macho na masikio, na bado nilianguka kwenye swali la tatu.

Niliolewa Kishanda, katika nchi ya Ihangiro, mwezi wa saba mwaka 1953. Mume wangu Nathanieli alikuwa mwalimu. Tulikaa pamoja miezi minne, na katika hiyo minne, mmoja mzima nilikuwa ndani kama desturi ya bibi harusi wa Kihaya inavyotaka, nalishwa na kupakwa samli, jua nalisikia kwa watu. Lakini ile mitatu iliyobaki ilinitosha kujua nimepata nini. Nathanieli alikuwa akija jikoni kunimenyea ndizi, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi hata akiwa na homa ya njaa. Mama mkwe wangu, Alistidia, akawa anakohoa nje kabla ya kuingia, ili mwanawe apate nafasi ya kuweka kisu chini. Sote watatu tulijifanya hatujui kitu.

Nilimpenda. Wazazi wangu hawakunifundisha kulisema neno hilo, lakini sasa nimefika umri wa kusema nitakalo.

Kisha ikaja barua ya kumwita Uingereza kusomea ualimu, miaka minne. Akaondoka na sanduku la bati na blanketi. Mimi nikabaki kwa wakwe zangu, nalima maharage chini ya migomba, nachuma kahawa, na kila Jumamosi natembea hadi misheni kuuliza kama kuna barua. Mwezi wa tisa mwaka uliofuata ikaja barua iliyonikatisha pumzi. Chuo chao kilikuwa na chumba kimoja cha watu wenye ndoa, na mkuu wa chuo alikubali kumwekea hadi mwisho wa Januari. Nisipofika, angepewa mwingine, nasi tungeonana masomo yakiisha. "Njoo, Kokwijuka," aliandika. "Nimechoka kuongea na picha yako."

Basi nikaanza kutafuta karatasi. Cheti cha ndoa nilipewa na mchungaji. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji, akaandika kwamba ananijua mimi na ukoo wangu. Hospitali wakanichanja ndui, mkono ukavimba wiki nzima. Barua ya chuo ilikuja na bahasha nene yenye muhuri, nikaishika kwa khanga ili nisiichafue. Zikabaki picha nne na maswali ya serikali, na hayo yalikuwa Bukoba mjini.

Nilishuka Bukoba juu ya lori la kahawa, nimekaa kwenye magunia. Bukoba ya wakati ule naikumbuka kwa pua kwanza: kahawa inayoanikwa, samaki wanaobanikwa, na upepo wa ziwa unaovichanganya vyote viwili. Meli ikipiga honi bandarini, watu wa sokoni waliacha kupatana bei, wakageuza vichwa hata kama hawakuwa na mgeni. Natamani kuisikia tena honi ile, nigeuze kichwa bila sababu.

Nilifikia mtaa wa Bilele kwa Mastura, mke wa fundi cherehani mmoja. Nathanieli alipokuwa mwanafunzi alipanga kwao, nao wakamfanya mtoto wao. Mastura alikuwa Mwislamu, mama mnene wa maneno mengi, na alinipokea kana kwamba mimi ndiye niliyesahau vitu vyangu kwake. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mhindi wa picha, akanivisha gauni lake lililonipwaya, akalibana nyuma kwa pini sita. Katika picha ile naonekana mtu wa heshima sana. Ni kwa sababu nilikuwa naogopa kuchomwa.

Siku ya pili nikaenda ofisi ya serikali.

Kabla sijaingia humo ndani, lazima nieleze jambo moja, maana vijana wa leo hawalijui. Kwetu, mkaza mwana hataji jina la baba mkwe wake. Hali mbele yake, hapiti naye njia nyembamba, na jina lake haliweki mdomoni hata akiwa peke yake shambani. Mimi nilikaa nyumba moja na baba mkwe wangu zaidi ya mwaka, na tulikuwa tunazungumza kwa kumpitia Alistidia. Mzee alikuwa akisema, "Mwambie mkaza mwana wako maharage yameota vizuri," nami niko hatua tatu kutoka hapo, nasikia kila neno. Nami nikasema, "Mwambie baba ashukuriwe." Mtu akiniuliza jina la mzee huyo, nilijibu "Sijui," na kila mtu alielewa kwamba najua sana.

Kila mtu wa Buhaya, nataka kusema.

Ofisini palikuwa na Mzungu kijana mwenye kaptula na magoti mekundu, mgeni katika wilaya. Pembeni yake alikaa karani Yunus, mtu wa Pwani, aliyehamishwa Bukoba mwezi uliopita na bado akilalamika baridi. Karani ndiye aliyetafsiri.

"Jina lako?"

"Kokwijuka."

"Umeolewa na nani?"

"Nathanieli." Jina hilo halikuwa na mwiko, lilitoka kwenye Biblia.

"Nathanieli nani?"

Hapo ndipo mguu ulipoteleza. Kwenye cheti, nyuma ya jina la mume wangu, lilifuata jina la baba yake, kama Wazungu wanavyotaka. Na kwenye fomu jina hilo hilo liliandikwa kuwa jina langu mimi. Yaani serikali ilikuwa imenipa jina nisiloruhusiwa kulitamka.

"Nathanieli mwenyewe," nikasema. "Mwalimu. Wa Kishanda."

Mzungu akasema kitu. Yunus akatafsiri: "Anauliza, baba wa mume wako anaitwa nani?"

Nikainamisha kichwa kwa adabu zote nilizofundishwa, nikajibu, "Sijui."

Nilisikia kalamu ikikwaruza. Kuinua macho, naona karani ameshaandika. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo Kiingereza chake cha neno moja moja nilikielewa: hajui.

"Bwana, najua," nikasema upesi. "Ni heshima tu. Nipe kalamu niliandike."

Mzungu akatikisa kichwa. Hakuwa mkali, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema jina liko kwenye cheti mbele yangu, mtu yeyote anaweza kulinakili. Alisema miezi michache nyuma msichana mmoja alikamatwa Kisumu akisafiri kwa karatasi za dada yake, na Dar es Salaam wamewaandikia maofisa wote wahakikishe kwa midomo ya wahusika wenyewe. Jumatano ijayo mfuko wa barua unaondoka. Nirudi siku hiyo na jibu. Kama sina, ataandika kwamba hakuridhika kuwa mimi ni mke.

"Sema tu, dada," Yunus aliniambia kwa sauti ya chini. "Ni neno moja."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Neno lilikuwapo pale nyuma ya meno, lakini ulimi ulikataa kunyanyuka. Nikakusanya karatasi zangu nikatoka, na barazani nikalia bila kujificha.

Mastura aliposikia alishika kiuno. "Mwanamke wewe! Mkweo yuko Kishanda, anakunywa uji. Atakusikiaje?"

"Hatanisikia, lakini mimi nitajisikia."

"Basi ujisikie huko huko kwa mumeo, mmejifunika blanketi!"

Nilicheka katikati ya machozi, na mumewe, aliyekuwa akipiga cherehani kimya muda wote, akasema, "Mwache, Mastura. Mwacha mila ni mtumwa." Mastura akamjibu kwamba mtumwa ni yule anayelala peke yake miaka minne. Mimi nilikubaliana na wote wawili, na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu.

Nikapanda lori kurudi Kishanda. Nilimweleza Alistidia yote, tumeinamia sufuria ya ebitooke, ndizi zetu za kupika. Mzee alikuwa sebuleni anasoma Zaburi, na nilijua anasikia, kwa sababu sauti yake ya kusoma ilikuwa imenyamaza.  Alistidia alipomaliza kupakua, akampelekea mzee chakula chake, wakaongea kwa muda mrefu. Nilisikia mama mkwe akisema, "Watatucheka." Jibu sikulisikia.

Siku tatu zilipita namna hiyo. Nilichuma kahawa nikiwaza kwamba mwanamke mwingine ataingia chumba kile na mumewe, atapanga sahani zake, na Nathanieli atapita mlangoni akisikia wakicheka. Nilikuwa na hasira na serikali. Nilikuwa na hasira pia na babu zetu walioweka mwiko bila kufikiria kwamba siku moja kutakuwa na fomu.

Jumanne asubuhi nilimkuta mzee uani amevaa kanzu nyeupe na koti lake la kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kugawa vitabu vya nyimbo, si mtu wa kupanda malori. Akamwambia mkewe, nami nikiwa pale pale, "Mwambie mkaza mwana wako ajitayarishe. Tunakwenda Bukoba."

Kwenye lori alikaa mbele na dereva, mimi nyuma kwenye magunia. Kwa Mastura alilala chumba cha fundi, na kesho yake alitembea mbele yangu hadi ofisini, hatua kumi zikitutenga, kama inavyotakiwa.

Mzungu alishangaa kumwona. Yunus alimweleza huyu ni nani. Mzungu akasema kwa upole kwamba ushahidi wa baba ni mzuri, lakini aliyeombewa pasi ni mimi, na swali bado ni lile lile. Mzee aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hilo alilitazamia. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa tunda moja la kahawa, kavu, la kibanja chetu.

Hapa tena lazima nieleze. Tunda la kahawa lina punje mbili zimelaliana ndani ya ganda moja. Kwetu, watu wawili wakigawana punje hizo wakazimeza, wamefunga omukago, urafiki wa kufa na kuzikana. Baada ya hapo hakuna adabu za kuogopana kati yao. Wanaitana kwa majina, wanakula sahani moja. Lakini hilo ni jambo la wanaume, tena punje hupakwa damu zao, na wachungaji walikuwa wamelikataza kwa damu na bila damu. Mwanamume na mke wa mwanawe? Sijawahi kusikia, kabla ya siku ile wala baada yake.

Mzee alipasua ganda kwa kucha. Punje moja akaitia kinywani mwake, ya pili akaninyooshea kiganjani. Nilikuwa sijawahi kukiona kiganja chake kwa karibu. Kilikuwa na kovu refu la panga karibu na kidole gumba.

"Kokwijuka," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila kumpitia mtu. 

"Mwanangu yuko peke yake ugenini," akasema kwa Kihaya. "Kuanzia sasa wewe si mkaza mwana wangu tu, ni rafiki yangu. Mimi nimekwisha kukuita. Sasa niite."

Niliichukua punje nikaitia mdomoni. Ilikuwa chungu. Nikaimeza, nikamtazama usoni, jambo ambalo pia nilikuwa sijawahi kulifanya, nikasema:

"Mushumbusi."

"Waitu!" akaitika. Aliitika kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya shamba, hata Mzungu akaruka kwenye kiti chake. Kisha mzee akachukua kofia yake akatoka nje, akasimama akitazama ziwa na mgongo wake ukiwa kwetu. Yunus aliandika jina lile polepole, akalisoma kwa Mzungu herufi kwa herufi, na muhuri ukapigwa.

Njiani kurudi alikaa tena mbele na dereva, mimi nyuma kwenye magunia. Tulipofika nyumbani, mzee alivua koti akamwambia Alistidia, "Mwambie mkaza mwana wako karatasi zake zimekwenda." Nilidhani basi, yamekwisha, tumerudi pale pale.

Pasi ilikuja siku chache kabla ya Krismasi. Nikapanda meli hadi Kisumu, kisha treni hadi Mombasa, kisha meli kubwa, na tarehe ishirini na sita Januari nikamkuta Nathanieli amesimama kwenye ukungu na koti la kuazima. Kile chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Sijawahi kukaa mahali pazuri zaidi. Alimenya viazi badala ya ndizi, na hakuna aliyekohoa nje.

Mwaka uliofuata tukapata mtoto wa kiume. Nathanieli akamchagulia jina la ubatizo Yohana, na jina la nyumbani akampa la baba yake. Kwa mkaza mwana mwingine hilo lingekuwa mateso, amzae mtoto asiyeweza kumwita. Mimi nilimwita asubuhi na jioni, nikiwa dirishani, nikiwa sokoni, mpaka majirani Waingereza wakajua kulitamka.

Tulirudi mwaka 1958. Mastura alikuja bandarini kutupokea, akamkumbatia Nathanieli, akamwinua mtoto, akauliza anaitwa nani. Nilipomwambia, akamrudisha chini taratibu.

"Hamkuandikiwa?" akauliza.

Hatukuandikiwa. Kwenye barua za nyumbani mzee alituandikia habari za mvua, kahawa na ng'ombe. Mastura ndiye aliyetueleza kwamba habari ya ile kahawa ilifika Kishanda kabla ya mwaka mpya, maana ofisi ina milango na milango ina masikio. Wazee wa kanisa walimvua uzee wake. Ukoo ukaacha kumwita kwenye mabaraza ya ndoa. Binamu yake Mwijage akamtungia jina, Rafiki wa Mkaza Mwana, na kwenye vikao vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, watu walilirudia hadi vibuyu vikatikisika kwa vicheko. Miaka mitatu na zaidi mzee alikuwa akisali viti vya nyuma.

Njia nzima ya kwenda Kishanda nilimpakata mtoto nikilia. Nathanieli naye alikuwa amevimba macho. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Hapa tumwite Yohana tu. Tusimwongezee baba aibu." Nikakubali. Nilikuwa tayari kuinamisha kichwa tena, na kukaa jikoni, na kuzungumza kwa kumpitia Alistidia maisha yangu yote, ili mradi wamwache.

Ua ulijaa watu waliokuja kutusalimu. Mwijage alikuwapo, amekaa mahali pazuri, kibuyu mkononi. Mzee tulimkuta ndani, amezeeka kuliko miaka tuliyomwacha, na alimshika mwanawe mabega kwa mikono miwili. Mimi nilipiga magoti mlangoni kama mkaza mwana yeyote, macho chini, nikarudi uani kwa wanawake.

Mtoto hakuwahi kuona ng'ombe. Nilipogeuka nilimwona yuko nyuma ya fahali kabisa, ameshika mkia, anauvuta. Fahali alikuwa ameshainua mguu. Sikufikiri. Nilipiga kelele kwa jina nililolizoea, na sauti yangu ikafika mwisho wa migomba:

"Mushumbusi!"

Mtoto akaachia mkia, akakimbia kwangu akilia, nami nikachuchumaa kumpokea. Lakini uani tayari watu walikuwa wamegeuka kunitazama. Wanawake walifunika midomo. Mwijage alishusha kibuyu chake, na nikaona kicheko kikianza kumpanda usoni.

"Waitu!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Ilikuwa ya kizee, lakini kubwa, ya mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya shamba. Tukasikia kiti kikisukumwa. Mzee akatokea mlangoni bila fimbo, ameshikilia mwimo, akawatazama watu wote waliokuwa uani, mmoja mmoja, akimkazia macho Mwijage zaidi ya wengine. Halafu akanigeukia mimi, si mke wake.

"Umeniita, Kokwijuka?"

Mtoto alikuwa amening'ang'ania gauni. Ningeweza kusema nilimwita yeye, na kila mtu angeelewa, na siku ingekwisha salama. Niliinuka, nikamtazama mzee machoni mbele ya ukoo wake wote.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuita."